Uvuvi wa manyoya Kigoma: wapi ukodi mtu, wapi uende mwenyewe

Anayekuja Kigoma na fimbo ya kuvulia kwa manyoya huuliza kama kuna mwongozaji wa kukodi. Akilini mwake ana mtu mmoja mwenye kila kitu: anaendesha boti, anajua samaki wamelala wapi, anakufungia ndoano na kukusahihisha mkono unapotupa vibaya. Mtu wa namna hiyo Kigoma ni nadra. Waliopo ni wavuvi na manahodha wanaolijua ziwa kuliko mtu yeyote atakayetoka nje, ila wengi wao hawajawahi kubeba mtu anayesimama kwenye mtumbwi akizungusha mshipi kichwani. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu, igawe kazi ya mwongozaji mafungu matatu: chombo na maji, samaki na makazi yao, na ufundi wa manyoya wenyewe. Mafungu mawili ya kwanza yananunulika mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo na kupakua samaki. La tatu uje nalo kutoka nyumbani.

Kwa ambaye hajauona uvuvi huu: ndoano hufungwa nyuzi na manyoya ili ifanane na mdudu au dagaa. Haina uzito wa kurushika, hivyo uzito unakaa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na huviringika hewani kwenda nyuma na mbele kabla ya kutua. Maana yake ni kwamba mtupaji anahitaji nafasi tupu nyuma yake, mita 10 hadi 15, na chochote kilicho kwenye nafasi hiyo, uwe mti, mwamba au sikio la nahodha, kitapata ndoano. Karibu kila kinachoharibika kati ya mvuvi wa manyoya na mtu aliyemkodi huanzia hapo.

Kwa ufupi: ukivua kutoka nchi kavu mjini Kigoma, huhitaji mtu. Ukiingia ziwani, mlipe nahodha hata kama unajua kuendesha boti. Ukienda Malagarasi, usiende bila mwenyeji hata siku moja. Sababu zake hazifanani, na aina ya mtu wa kumtafuta pia haifanani.

Leseni kwanza

Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinamgusa hata anayevua kwa kujifurahisha. Anzia kwa afisa uvuvi: Manispaa ya Kigoma Ujiji kwa maji ya mjini, halmashauri ya wilaya ya Kigoma kwa vijiji vya ziwani vilivyo chini yake, Uvinza kwa Ilagala na mdomo wa Malagarasi. Muulize mambo matatu kwa mpigo: leseni ya aina gani inakuhusu, samaki wa ukubwa gani hawaruhusiwi, na kama ziwa liko wazi. Swali hili la mwisho ni la kweli kabisa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, katika mpango unaozihusisha nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Usikate tiketi ya treni ya miezi hiyo kabla hujapata jibu, na uliza waziwazi kama fimbo moja ya burudani nayo imo kwenye katazo.

Nahodha hakuondolei wajibu huo. Chombo chake kina leseni yake, wewe una yako. Maji ya hifadhi ni suala jingine tena. Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na Mahale kusini ina ukanda wake wa maji wa takriban kilomita 1.6 kutoka ufukweni. Humo hutupi mshipi bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Nahodha akikwambia "tutapita haraka tu, hawatatuona", umeshajua tabia yake kwa bei nafuu. Tafuta mwingine.

Ufukweni: okoa pesa yako

Miamba na vifuko vya mchanga kusini mwa bandari, upande wa Katonga, vinavulika na mtu mmoja. Fukwe kadhaa zina wenyewe, kwa hiyo piga hodi, lipa kiingilio kama kipo, na omba ruhusa ya kuvua, kwa sababu kiingilio ni cha kuogelea. Nenda alfajiri kabla waogeleaji hawajafika.

Chukua fimbo namba 6 (namba ya fimbo hutaja uzito wa mshipi inaoubeba) ya futi 9, mshipi unaoelea, na mbele yake mshipi mwembamba usiopungua mita 3. Maji ya Tanganyika ni maangavu kiasi kwamba samaki huuona mshipi mnene ukitua, ndiyo maana ya urefu huo. Ndoano ndogo, namba 6 hadi 10 (namba ikishuka, ndoano inakua), zenye rangi ya mchanga, kijani kibichi au nyeupe zinatosha kwa samaki wa mawe na kwa ngege. Kwa kuhe, ambaye ni mkubwa kuliko samaki wote wa jamii ya sikilidi, jamii ya kina ngege, ongeza ukubwa hadi namba 2 na uivute ndoano kwa mikupuo mirefu juu ya mchanga ulio kando ya mawe. Ukiona kuhe wawili wamesimama mahali pamoja bila kuhama, chini yao kuna wingu la vitoto: wazazi wote wawili hulinda. Waache. Ukimtoa mmoja, watoto huliwa wote, na hata ukimrudisha baada ya dakika tano amekuta nyumba imeshavamiwa.

Kikwazo cha ufukweni ni ukosefu wa nafasi nyuma, maana sehemu nyingi mlima unaanzia mgongoni mwako. Hapa hutupi kwa kurudisha mshipi nyuma. Unauviringisha: inua ncha ya fimbo polepole mpaka mshipi uning'inie kando ya bega lako ukiwa umepinda kama upinde, subiri usimame kabisa, kisha sukuma fimbo mbele na kuikatisha ghafla. Wanaoshindwa huwa hawasubiri, na mshipi ukiwa bado unatembea hauna pa kushikia maji. Mita 9 hadi 12 zinapatikana, na kwa mawe ya Kigoma zinatosha, kwa kuwa kina huanza karibu.

Usiingize mkono kwenye mianya ya mawe kunasua ndoano. Swila wa majini wa ziwa hili hula samaki na hujificha humo humo. Ni mpole, lakini upole una mipaka mtu anapomshika mkia. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani vaa viatu vya mpira kwa ajili ya kichocho, na kama ulilowana, kapime baada ya wiki sita hadi nane. Kupima mapema kunaweza kukupa majibu ya kukudanganya.

Mtu wa kukodi huku angekupa nini? Kukubebea begi. Kama unaona haya kuvua peke yako ugenini, kijana wa pale pale atakaa nawe kwa soda na ubishi wa mpira.

Ziwani: unamlipa nahodha kwa ajili ya upepo

Hapa hesabu inageuka. Ziwa lina kina kinachofika mita 1,470, na mteremko wa milima unayoiona nchi kavu unaendelea hivyo hivyo chini ya maji. Nanga ya kawaida mara nyingi haifiki. Mawimbi hayana mahali pa kuvunjikia mpaka yafike ufukweni, na wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo huja na urefu wote wa ziwa nyuma yake. Miezi ya mvua ina hatari ya aina nyingine: wingu la radi linaloshuka kutoka mlimani na kukukuta katikati, nawe umeshika fimbo ya kaboni, kitu kinachopitisha umeme vizuri sana. Mwenyeji huliona wingu hilo likiwa bado jeusi kidogo nyuma ya kilima. Mgeni huliona linapomwagika. Pesa unayompa nahodha ni ya tofauti hiyo ya dakika 30.

Faida ya pili ni kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Taa huvuta dagaa, dagaa huvuta migebuka, samaki wanaowala. Katika siku za giza, toka ili mapambazuko yakukute pembeni mwa eneo la taa, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vikiwa vinamalizia kazi. Migebuka bado iko juu kwa muda mfupi kabla ya kuzama. Nahodha anajua vipe vya nani viko wapi, na anajua asogee hadi wapi bila kukata kamba ya mtu au kuanzisha ugomvi. Siku za mbalamwezi mambo ni kinyume: wengi wamepumzika, wanatengeneza nyavu, na ndipo utapata nahodha mzuri kwa urahisi na kwa bei ya maelewano. Ukitaka mtu bora, panga safari mbalamwezi. Ukitaka samaki wa juu ya maji, panga giza, ila mtafute nahodha siku kadhaa kabla, maana siku hizo yuko kazini.

Vifaa: fimbo namba 8, mshipi unaozama sentimita 15 kwa sekunde, na ndoano nyeupe-fedha yenye urefu wa dagaa, sentimita 5 hadi 8. Hesabu mpaka 30 kabla ya kuvuta na ndoano itakuwa kama mita 4 na nusu chini. Ukipata samaki kwenye hesabu ya 30, rudia 30 hiyo hiyo. Shida ni kwamba boti inayosukumwa na upepo huuburuta mshipi ukapanda juu, nawe ukadhani umezama. Dawa yake ni gunia: fungua mdomo wa gunia la sandarusi kwa kipete cha waya mnene, lifunge kamba ya mita 5, na ulitupe upande upepo unakotoka. Likijaa maji, boti inapunguza mwendo. Manahodha wengi watakucheka kwanza, kisha watalichukua gunia lako.

Duka la ndoano za manyoya usilitegemee, zilete. Zikikuishia, nywele za mkia wa mbuzi mweupe, manyoya ya shingo ya jogoo na nyuzi za kung'aa za kufungia zawadi hutoa dagaa bandia anayeliwa bila maswali.

Malagarasi: hapa mwenyeji ni lazima

Malagarasi unaingia ziwani kusini mwa mji, upande wa Ilagala, na nyuma yake kuna ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Hapa ndipo watu huja kumtafuta kibebe, yule samaki wa meno ya nje. Hapa pia kuna mamba na viboko. Hakuna kusimama majini kwenye mto huu. Hata goti. Uwe umezoea kuvua mitoni kwa kusimama majini miaka 20, acha zoea hilo Uvinza ukipita.

Mtu wa kumkodi huku si nahodha wa mjini. Anayeendesha boti ya abiria anaweza kukufikisha Ilagala salama na bado asijue ni kona ipi kiboko mwenye mtoto amehamia wiki iliyopita. Chukua mvuvi wa kijiji cha pale, na kama mnatumia mtumbwi wa makasia, wawe wawili: mmoja nyuma wa kuongoza, mmoja wa kutazama maji wewe unapotazama ndoano yako. Wewe huwezi kufanya yote mawili. Unapovua, macho yako yako mita 15 mbele, na kiboko hutokea mita 5 pembeni.

Kanuni moja ambayo mwenyeji anaijua, nawe uijue ili usimshinikize kuivunja: usikae kati ya kiboko na kina kirefu. Akishtuka hukimbilia kina, na wewe uko njiani. Ndiyo maana mtumbwi hupita karibu na ukingo kwenye mabwawa, hata kama katikati ndiko samaki wanakoruka. Mgeni anayesema "sogea katikati kidogo" mara tatu, na mwenyeji mwenye adabu akakubali mara ya nne, ndio mwanzo wa ajali nyingi za mitoni. Mwambie mapema kabisa, kabla ya kupanda: "Ukisema hapana, ni hapana, sitabisha." Mgeni ni mtu mzito huku, na bila ruhusa hiyo mwenyeji ataona aibu kukukatalia.

Msimu: mvua zikiwa nyingi mto hubeba tope na samaki haoni ndoano isiyo na harufu. Maji yakishuka na kusafika katika kiangazi, kuelekea Oktoba, ndipo manyoya yana maana. Mwenyeji mwaminifu atakwambia kwa simu kwamba maji ni machafu, usije. Asiye mwaminifu atasema njoo. Muulize hivi: "Ukizamisha mkono mpaka kiwiko, unaona vidole?" Kama hakionekani hata kiganja, ahirisha.

Kibebe anahitaji fimbo namba 8 au 9, mshipi wa akiba mita 150 kwenye rili, na ndoano namba 1/0 hadi 4/0. Kati ya ndoano na mshipi weka waya wa sentimita 20 hadi 30, kwa sababu meno yake hukata nailoni ya unene wowote utakaokubali kuitupa. Mdomo wake ni mfupa mtupu. Akigonga, usiinue fimbo: ncha yake hupinda na kumeza nguvu yote, ndoano ikateleza. Iache fimbo imeelekea kwake na uvute mshipi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mara mbili. Hata hivyo wengi watachomoka wakiruka. Noa ndoano kwa tupa ndogo kila baada ya samaki: ikiwa haikwaruzi ukucha, haitaingia kwenye mfupa. Ndoano utatoa kwa plaizi ndefu, sentimita 20 au zaidi, kamwe si kwa vidole, na kumshika samaki mwachie mwenyeji ikiwa hujawahi.

Upande wa Tabora hadithi ni fupi. Bwawa la Igombe ni maji ya perege na kambare, unavua kutoka ukingoni ukishaomba ruhusa ya wasimamizi, na mtu wa kukodi hana kazi kubwa. Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, kwa hiyo uamuzi wa nani aende nawe haumo mikononi mwako. Anzia TANAPA.

Kumpata na kumpima

Usimchukue wa kwanza anayekukimbilia stendi. Nenda mwaloni, Kibirizi, Katonga au Ujiji, saa mbili au saa tatu asubuhi, wakati wa kupakua umekwisha na watu wametulia. Salimia vizuri, wakubwa wape shikamoo yao, kisha ulizia uongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo huo. Wao wanajua nani huzimikiwa na injini kila wiki na nani hulewa. Taja unachotafuta: mtu mwenye chombo tulivu, mwenye subira, anayekubali kuzima injini na kukaa kimya.

Ukimpata, zungumza naye kabla ya bei. Muulize upepo wa kesho utatoka wapi na yeye atafanya nini ukibadilika. Jibu zuri lina jina la kijiji au ghuba ya kukimbilia. Muulize samaki gani yupo sasa. "Wapo wote, wakati wote" ni jibu la muuzaji. "Migebuka ipo, sangala sijamwona wiki hii" ni jibu la mvuvi. Omba kuona majaketi okozi, uyavae, uvute mikanda: mengi yana pamba iliyokwisha na kamba zilizooza. Tazama kama kuna kasia, kata ya kutolea maji, plagi ya akiba ya injini na spana yake, na simu iliyo kwenye mfuko usiopitisha maji. Kwa boti ya injini uliza kuhusu ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Swali la mwisho ndilo linalosema zaidi: "Umewahi kuahirisha safari kwa sababu ya upepo?" Anayejibu hajawahi hata mara moja, mshukuru, muage.

Kisha lipa nusu siku kwanza, ufukweni karibu. Usianze na safari ya siku mbili na mtu ambaye hujamwona akiwasha injini.

Mapatano

Bei moja ya jumla ndiyo chanzo cha manung'uniko. Itenge: chombo, mafuta, ujira wa nahodha, ujira wa msaidizi, chakula. Andika kwenye daftari, nyote wawili mwone. Weka saa za kuanza na kumaliza, mkitaja asubuhi au jioni. Andika nini hulipwa upepo ukiwarudisha mapema. Kilicho cha haki ni mafuta yaliyotumika pamoja na nusu ya ujira, kwa sababu mwenzako ameamka saa kumi usiku hata kama wewe hukupata samaki, na ukimnyima atajifunza kutorudi mapema.

Mafuta nunueni pamoja, pampuni. Injini ya nguvu farasi 15 ya kuchanganya oili, ikienda kwa kasi, hunywa kama lita 6 kwa saa. Gawa kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Safari yenye saa mbili za mwendo ni lita 12, kwa hiyo bebeni 18. Angalia pia oili. Injini nyingi za namna hiyo zinataka sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, na anayebana oili ili abaki na chenji ndiye injini yake itakayokwama mbali na nchi kavu. Pesa ya mafuta toa mwanzoni, ujira mkirudi. Kama umeridhika, ongeza kitu mkononi mwake, na msaidizi mpe chake mwenyewe.

Samaki ni wa nani? Liseme hili kabla, maana kumrudisha samaki majini mbele ya mtu anayelisha familia kwa samaki ni jambo linaloumiza. Njia inayofanya kazi ni kupanga idadi: samaki wanne wa kwanza wenye ukubwa halali ni wa chombo, waliobaki wanarudi. Sangala aliyetolewa kina kirefu mhesabu wa chombo moja kwa moja. Kifuko chake cha hewa huwa kimevimba, hawezi kuzama tena, na kumtupa majini ni kumlisha mwewe.

Dakika 20 nchi kavu

Kabla ya kusukuma chombo, mweke nahodha mbali kidogo na umtupie mshipi mara kumi kwenye majani. Aone unavyorudi nyuma na unavyofika. Kisha mkubaliane. Wewe unasimama mbele, yeye anakaa nyuma, chombo kinaelea kwa ubavu, nawe unatupa kuelekea ubavuni, si kwa kupitisha mshipi juu ya urefu wa chombo. Kama unatumia mkono wa kulia, upepo uje kutoka kushoto kwako, ili uipeleke ndoano mbali nanyi. Ukija kutoka kulia, mwambie ageuze chombo, usijitahidi kuvumilia. Wote wawili vaeni kofia na miwani, naye miwani yake ulete wewe. Vitu vyote vyenye ncha vifunikeni kwa kanga au turubai, kwa kuwa mshipi mnene hutafuta msumari hata ulio mmoja.

Injini izimwe mita 50 kabla ya mahali pa kuvulia, mmalizie kwa kasia. Mvuvi wa nyavu hana sababu ya kufanya hivyo siku zote, kwa hiyo atasahau mara mbili au tatu. Mkumbushe bila kukaripia.

Na kuhusu kuelekezana: vitabu vya wageni humfundisha mvuvi kuuona mtumbwi kama uso wa saa, mbele ikiwa kumi na mbili, halafu mwongozaji hutaja saa. Kwa Kiswahili mtego upo hapo hapo. Mbele ya saa ya ukutani sisi tunasoma saa sita, kulia ni saa tisa na kushoto ni saa tatu. Mgeni aliyezoea ya kwao akisikia "saa tatu" hutupa kulia, wakati nahodha amemaanisha kushoto, na samaki ameshaondoka. Achaneni na saa. Semeni "kulia, mita 12" au "kushoto, kwenye tete lililovunjika", na kwanza mpatane mita 12 ni kiasi gani kwa kupima kwa mshipi wenyewe.

Bana meno ya nyuma ya kila ndoano kwa plaizi kabla ya kuifunga. Utapoteza samaki wachache, na siku itakapomwingia mtu itatoka bila kisu. Ikiingia ikiwa na meno yake, kwenye mkono au mgongo, pitisha uzi mgumu kwenye pindo la ndoano, kandamiza shina lake chini dhidi ya ngozi kwa kidole, kisha vuta uzi kwa mkupuo mmoja kuelekea nyuma, usawa wa ngozi. Osha kwa maji safi na sabuni. Karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo usiiguse: kata mshipi, funika, na geuzeni chombo kwenda mjini. Hospitali ya Maweni iko pale, na hata kwa jeraha dogo uliza kuhusu sindano ya pepopunda, yako na ya nahodha, na gharama yake uilipe wewe.